Begi Kavu Kwenye Kibaraza

Jumapili, 4 Desemba. Nyuzi 31 chini ya sifuri.

Jana Jumamosi, kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, nilipoteza kamera mbili na lenzi yangu pana. Hazikuibwa. Ziko hapa mezani, zinachuruzika maji kwenye taulo kama samaki waliotoka kwenye friza. Kuibiwa kungekuwa nafuu. Mwizi angalau humpikii kahawa.

Naandika nikiwa bado na hasira, maana hasira ina kumbukumbu nzuri kuliko mimi.

Saa kumi na nusu nilirudi kutoka ziwani na wageni wanne, Waholanzi. Nilifanya ninavyofanya siku zote. Betri nje, kadi nje, kamera ndani ya begi, zipu mpaka mwisho, begi juu ya rafu ya kibaraza baridi, kile chumba kidogo kati ya mlango wa nje na mlango wa ndani ambako hatuwashi moto. Begi hulala hapo. Asubuhi huhamia kwenye korido, penye nyuzi tano juu. Mchana ndipo huingia sebuleni, na hata hapo halifunguliwi mpaka nimelishika nikaona limezoea. Kamera iliyotoka kwenye baridi hii ukiitia kwenye joto ghafla inatokwa na jasho, nje na ndani, mpaka nyuma ya vioo ambako kitambaa hakifiki. Ukiirudisha kwenye baridi, jasho lile linaganda. Umeiua.

Saa kumi na moja mgeni mmoja akateleza kwenye ngazi, kifundo kikavimba. Nikampeleka zahanati. Niliporudi watu walishakula, sauna, bafu letu la mvuke, ilishazimwa. Nikalala.

Asubuhi nilipofungua begi palepale rafuni ili nitie betri, lenzi ilikuwa imeota barafu kwa ndani, majani ya barafu kama ya kangaga. Pazia la kamera ya kwanza, lile linalofunguka kupitisha mwanga, limekatika. La kamera ya pili limeng'ang'ania. Kisha nikaliangalia begi lenyewe. Kila kitu kwenye rafu ile kilikuwa cheupe kwa sakitu, umande ulioganda: kamba, kofia, galoni la mafuta, hata mpini wa koleo. Begi lilikuwa kavu. Jeusi, laini, kavu kabisa. Hakuna kitu kinachokauka chenyewe kwenye nyuzi 31 chini.

Mtu alilichukua, akalipeleka chumba cha kukaushia, akafungua zipu lipate joto vizuri. Halafu akashtuka. Akalifunga, akalirudisha rafuni.

Huku kwetu kaskazini, chenye theluji huenda chumba cha kukaushia, mtu hafikiri. Glavu, ovaroli, buti, soksi. Chumba chetu kiko ubavuni mwa sauna, na Jumamosi sauna ikiwaka kinafika nyuzi sitini na mvuke juu yake. Mtoto wa huku hujua kutundika glavu kabla hajajua kusema asante. Kwa hiyo aliyefanya ni mtu wa huku. Waholanzi hawajui hata mlango ule uko wapi. Buti zao ziko katikati ya njia mpaka sasa hivi.

Watu wa huku jana walikuwa wawili. Mdogo wangu Jouni, mshirika wangu katika kambi hii ya wageni, anayeendesha pikipiki za theluji na kuwasha sauna. Na shangazi yetu Marketta, anayepika.

Jouni kasema, "Dada, mimi nilikuwa nje najaza mafuta. Sijaligusa begi lako."

Shangazi kasema, "Nilikuwa jikoni." Akarudi kumenya viazi.

Basi kamera zimejipeleka zenyewe sauna. Zilichoka.


Jumatatu, 5 Desemba. Nyuzi 29.

Waholanzi wameondoka. Barafu iliyokuwa kwenye kioo cha ndani imeyeyuka. Imebaki alama kama ya chai.


Jumanne, 6 Desemba

Sikukuu ya uhuru. Mishumaa miwili dirishani, kama kila nyumba. Tumekaa watatu mezani, tumekula mchuzi wa kulungu, hakuna aliyesema zaidi ya "nipe chumvi".

Kamera zile nilizinunua baada ya miaka sita ya kukata vichwa vya samaki kule Norwe, zamu ya alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Bei sitaiandika. Kila mmoja mezani pale anaijua.


Alhamisi, 8 Desemba. Nyuzi 24, upepo.

Imebaki kamera moja, ile ya zamani, ambayo kitufe chake huchelewa kidogo kama mzee anayeulizwa swali. Na lenzi moja. Wageni wa wiki ijayo wamelipia kufundishwa kupiga picha za mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku, si kuambiwa habari zake.

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa kibaraza kwa lugha nne: KITU KILICHO HAPA KINABAKI HAPA.

Jouni akasoma, akacheka. "Dada, na mimi nikisimama hapa je?"

"Ukisimama hapo unabaki hapo."

"Angalau niletee kahawa."

Nilicheka. Nilikasirika kwamba nimecheka. Jouni ana kipaji hicho tangu utotoni: anakukuta umekunja uso, anakuacha umekunjua, na shoka lililopotea halijaonekana bado.


Jumapili, 11 Desemba

Nimefanya hesabu ya jioni ile. Jouni alikuwa nje, amesema mwenyewe. Shangazi alikuwa ndani. Jumamosi ni siku yake ya kufagia kibaraza. Tangu mwaka juzi analalamika kwamba rafu ile imejaa mavyuma yangu na hana pa kuweka lingonberi zake za baridi, matunda mekundu ya msituni.

Nilimuuliza Jouni tukiwa tunapakua kuni. Alishusha gogo, akalipanga.

"Si unamjua Shangazi," akasema. "Anapenda kupangapanga. Hana nia mbaya."

Hakusema ni Shangazi. Alisema hana nia mbaya.

Nilikwenda jikoni. Nilisema niliyosema. Kwamba kama amekosea aseme, kwamba sitaki mtu wa kunyamaza ndani ya kambi hii, kwamba miaka sabini si kibali cha kugusa vitu vya watu. Nilipaza sauti. Shangazi hakupaza. Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza."

"Mimi nimelelewa na viatu vya manyoya," akasema. "Kiatu kilichoganda hukiweki motoni. Ngozi inapasuka. Unakiacha kibarazani, unakijaza nyasi, kinarudi taratibu. Mama yangu alinichapa kwa hilo mara moja tu, ikatosha. Na wewe unakuja kunifundisha begi."

"Basi nani?"

"Muulize mwenye haraka."

Nikaona anakwepa.


Jumatatu, 12 Desemba. Nyuzi 33.

Shangazi ameondoka. Binamu kamfuata na gari. Ameacha mikate sita myeusi ya nafaka ya rai kwenye friza na jiko limesuguliwa mpaka linang'aa, ili nisije kusema kitu.

Jouni alimsaidia kubeba sanduku. Alikuwa mwekundu masikio. Nadhani ni baridi.


Jumatano, 14 Desemba

Fundi niliyempelekea kamera amejibu. Maji yamefika kwenye bodi za umeme za zote mbili. Ya kwanza haitapona, ya pili haifai kujaribiwa. Lenzi anaweza kuifungua lakini haahidi.

Nimeunguza mchuzi.


Jumapili, 18 Desemba. Nyuzi 27.

Wageni watano, kamera yangu moja na za kwao. Mwalimu mmoja kutoka Lyon alipulizia lenzi pumzi ili aifute, kama anavyofanya kwa miwani. Pumzi ikaganda papo hapo. Nimemwambia: ukiwa nje huku, usiipumulie kamera, pumua pembeni kama unavyokohoa mbele ya mkwe. Nimewapa sheria zote. Betri zinakaa kifuani, chini ya sweta, si mfukoni mwa koti. Ya mfukoni inaonyesha asilimia themanini na baada ya picha kumi inakufa. Miguu ya stendi za kamera imevishwa sponji, maana chuma tupu kinang'oa ngozi. Mkanda wa joto kwenye lenzi. Utepe wa gundi kwenye pete ya lenzi ya kulengea, isije ikasogezwa na glavu.

Jouni aliwabeba kwa pikipiki mmoja mmoja mpaka ng'ambo ya ziwa, anawaimbia. Wanampenda. Mtu asiyempenda Jouni hajazaliwa, ila labda sasa anazaliwa.


Jumamosi, 24 Desemba

Mishumaa makaburini kwa baba na mama. Shangazi alikuwepo, upande wa pili wa kaburi. Alimpa Jouni mkono. Mimi alinipa kichwa, yaani alikiinamisha.

Nyumbani, paja la nguruwe na wali wa maziwa. Lozi moja ya bahati, inayofichwa ndani ya wali, ilikuwa kwenye sahani ya Jouni, yeye hupata lozi kila mwaka. Hakuila. Aliisukuma pembeni ya sahani na kijiko.


Jumatatu, 2 Januari. Nyuzi 35.

Waya wa kubonyezea kamera ulikatika mkononi mwangu kama tambi mbichi. Plastiki ikifika nyuzi 35 haipindi tena, inavunjika. Nilipiga picha zilizobaki kwa kidole, glavu nyembamba ndani, nene juu. Mianga ilikuwa ya kijani na ukingo wa waridi, ilisimama juu ya mlima wa Lassevaara muda wa kunywa kikombe, ikaondoka.

Wageni walipiga makofi. Nilikuwa nahesabu betri.


Jumanne, 17 Januari

Jua limeonekana kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa Novemba. Nusu yake, dakika chache, juu ya bega la mlima. Tulisimama nje mimi na Jouni na kahawa, kama tulivyokuwa tukisimama na Baba.

"Mwaka mwingine," akasema.

"Mkataba unaisha Machi 31," nikasema. Mzee Uula, mwenye ardhi, hampi kambi mtu mmoja. Anataka sahihi mbili, yangu na ya Jouni, miaka mitano mingine. Anasema ziwa lile halina huruma na mtu anayefanya kazi peke yake.

"Si tutasaini."

"Tutasaini," nikasema.


Jumapili, 29 Januari. Nyuzi 38 jana jioni, 36 leo.

Nitaandika polepole. Vidole viwili vya mkono wa kushoto bado havijarudi sawasawa.

Jana utabiri ulikuwa mkali: mianga mikubwa kuanzia saa moja jioni. Wageni watatu, dada wawili kutoka Austria na mjomba wao. Saa kumi nilimuuliza Jouni, "Ziwa?" Alisema, "Nimepima. Sawa." Ndiyo kazi yake. Anatoboa, anapima unene, anaangalia kama kuna maji yaliyojificha kati ya barafu na theluji. Barafu inaweza kuwa ya sentimita sitini na juu yake kukawa na maji ya magotini chini ya theluji nzuri nyeupe. Huyaoni mpaka uko ndani.

Tulikuwa katikati wakati mbingu ilipofunguka. Sijaona vile kwa miaka mitatu. Ilianzia Norwe ikaja mpaka vichwani mwetu, zambarau, inatembea. Nilisimamisha stendi, nikapiga. Kamera ya zamani ilikuwa inafanya kazi yake, kitufe kinachelewa, mimi nahesabu sekunde mdomoni. Mjomba wa Austria alikuwa amekaa kwenye theluji kabisa, anatazama tu.

Kisha Jouni akageuza pikipiki ili aelekeze taa pembeni. Ikazama. Si ndani ya ziwa, ndani ya maji yale ya juu. Ukanda wa nyuma ukachota uji wa barafu, ukakwama, injini ikazima. Mdogo wa wale dada wa Austria, aliyekuwa amekaa nyuma, akashuka kwa hofu, maji yakamfika juu ya buti.

Kwenye nyuzi 38 mguu uliolowa una muda, na si mrefu.

Sikufikiri kamera. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu. Nilivua glavu, nikamvua buti, nikamvisha soksi zangu za akiba na mifuko ya plastiki, nikampandisha kwenye pikipiki yangu na dada yake, nikaondoka nao. Jouni alibaki na mjomba kutembea, kilomita moja na nusu. Nikamwita, "Chukua begi."

"Nimelichukua," akasema. Alikuwa ameshang'oa kamera kwenye stendi, ameiweka begini, begi kalifunga kifuani kama mtoto.

Msichana nilimfikisha. Miguu ilikuwa myeupe lakini ilirudi, akalia ilipoanza kuuma, nikafurahi kwamba inauma. Nilimweka kwenye kochi la jikoni, miguu kwenye maji ya vuguvugu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, korido yote naiona, toka kibaraza mpaka chumba cha kukaushia.

Jouni na mjomba wakaingia. Wote wawili weupe kama mikate yenye unga. Jouni akamwelekeza mjomba kwenye moto. Yeye akashika njia ya korido, begi mkononi, hajavua hata kofia. Alikuwa ameshapita kibaraza, ameshapita rafu, ameshapita karatasi yangu ya lugha nne. Akafungua mlango wa chumba cha kukaushia. Akatundika begi kwenye ndoano ya tatu. Akavuta zipu mpaka nusu, na kwa vidole viwili akaufungua mdomo wa begi, hewa iingie.

Ilikuwa Jumamosi. Sauna ilikuwa inawaka.

Sikuweza kuinuka. Nilikuwa nimeshika miguu ya mtoto wa watu.

Akasimama. Mgongo wake ulibadilika. Akaifunga zipu, akaligeuza begi akalifuta sakitu iliyokuwa inayeyuka kwa mkono wa sweta, akatoka nalo, akapita korido, akaliweka juu ya rafu ya kibaraza, mahali pale pale, uso wa begi umeelekea ukuta. Alipogeuka tukaonana.

"Mkono tu," akasema. "Mkono umezoea."

Nikajibu, "Naona."

Kamera imepona. Ilikaa kwenye joto muda wa kuvuta pumzi mara kumi. Nimeiacha kibarazani mpaka jioni hii, nimeitazama kwa tochi, kavu.

Lakini nimeshaona jinsi begi linavyokauka na kurudi rafuni. Hata ule uangalifu wa kulifunga. Mtu hafanyi jambo la kwanza kwa ustadi ule.


Jumatatu, 30 Januari

Pikipiki tumeitoa kwa shoka na maji ya moto. Nimemuuliza, "Jumamosi ulipima wapi?"

"Palepale pa siku zote."

"Katikati?"

"Karibu na katikati, dada."

Karibu na katikati.


Jumapili, 5 Februari. Nyuzi 19, joto kabisa.

Nimekwenda kwa Shangazi. Alifungua mlango, akaniangalia buti, akaingia ndani akaacha mlango wazi. Hiyo kwake ndiyo "karibu".

Kahawa. Andazi la iliki. Kahawa ya pili. Kabla ya ya pili hakuna mazungumzo.

"Umekuja kuomba radhi au kuuliza?" akasema.

"Vyote."

"Anza na la kwanza."

Nikaomba radhi. Sikusema "lakini" hata mara moja, nilijikagua.

"Haya. Uliza."

"Jioni ile uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa jikoni, nimekwambia. Nilisikia mlango wa chumba cha kukaushia. Ukafunguliwa, ukafungwa. Baadaye, viazi vilikuwa vimeshaiva, ukafunguliwa tena, ukafungwa haraka. Sikutoka kuangalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?" Akasogeza sahani ya maandazi upande wangu. "Na nisichokiona kwa macho sisemi. Yeye ni mtoto wa kaka yangu kama wewe ulivyo. Sitakuwa mimi wa kumtaja."

"Rudi kambini, Shangazi."

"Nitarudi siku atakapoongea mwenyewe. Si wewe uongee kwa niaba yake, yeye. Nilifukuzwa na mdomo wake uliofungwa zaidi kuliko wako uliofunguka."

Nikakumbuka masikio mekundu siku ile ya sanduku. Halikuwa jambo la baridi.


Alhamisi, 9 Februari

Kuni zimepasuliwa, zimepangwa mpaka dirishani. Ni Jouni, na sikumtuma.


Jumatatu, 13 Februari. Nyuzi 30.

Amekarabati sledi ya kukokota mizigo kwenye theluji. Amebadilisha sponji za stendi zote, ameshona kwa uzi wa viatu, mishono midogo safi. Ameamka kabla yangu, kahawa iko tayari. Kila nikigeuka kuna jambo jema limefanyika na Jouni yuko upande mwingine wa nyumba.

Mtu anayekulipa bila kusema anadaiwa nini anakufanya wewe uonekane mdaiwa.


Jumanne, 21 Februari

Maandazi ya krimu na jemu ya rasiberi, wageni wanateleza mlimani kwa vibao. Jouni kanipeleka kibarazani, kaonyesha sanduku alilotengeneza: mbao, sponji ndani, kifuniko kinachobana, kitasa. Kamera inaingia hapo na haitoki bila ufunguo wangu. Kazi nzuri, siwezi kusema vingine. Ndani yake joto hupanda polepole sana, nimepima.

"Ili mtu yeyote asikosee tena," akasema.

"Mtu yeyote nani?"

"Mtu yeyote, dada. Mgeni."

"Mgeni hajui chumba cha kukaushia kiko wapi."

Akapapasa kitasa. "Nikikununulia kamera nyingine? Nimeweka akiba kidogo. Hata kama si mpya."

"Nimekuomba kamera?"

"Hapana."

"Nimekuomba nini?"

Akasema pikipiki inavuja mafuta, akaenda kuiangalia. Haivuji.


Jumamosi, 4 Machi

Mianga hafifu. Jua linakaa mpaka saa kumi na mbili. Vidole vimerudi, kimoja kinawasha.


Jumapili, 12 Machi. Nyuzi 17.

Kabla hatujatoka nilimuuliza kuhusu ziwa, akasema, "Nimepima. Sawa." Nikachukua toboo la kutobolea barafu nikaenda kupima mwenyewe, wageni wamesimama wananisubiri. Sentimita sabini na sita, pakavu. Alikuwa sahihi. Aliniangalia nikirudi na sikuweza kumtazama.

Hivi ndivyo tunavyofanya kazi sasa. Anapima, napima nyuma yake. Anafunga begi, nalifungua kuona. Kazi ya watu wawili imekuwa kazi ya watu watatu na tuko wawili.

Sina hasira ya kamera tena. Imeisha, sijui lini. Ningelitundika begi lile hata mimi, nikiwa nimechoka, kichwa kiko kwa mgeni aliyeumia. Mkono wangu umelelewa nyumba ileile na wake. Alilitundika kwa wema, naamini. Aliliona lina theluji, akasema ngoja nimsaidie dada. Kosa la namna hiyo lingechukua dakika moja kulisema na wiki moja kulimeza.

Badala yake alimwacha mama wa miaka sabini abebe sanduku lake mpaka kwenye gari, na yeye akashika mpini wa upande wa pili.


Ijumaa, 24 Machi

Mzee Uula amepiga simu. Atakuja Ijumaa ijayo saa saba mchana na karatasi. Kauliza, "Wote wawili mpo?" Nimejibu tupo.


Alhamisi, 30 Machi. Nyuzi 8, jua kali, theluji inaumiza macho.

Nilimkuta Jouni ziwani mchana, anatoboa. Kijiti cha kupimia kiko mkononi. Nilisimama nyuma yake mpaka akanisikia.

"Ngapi?" nikasema.

"Sabini na nane. Na umeniona nikipima, dada, usichukue toboo."

"Leo nimekuona. Miaka mitano sitakuwa nasimama hapa kila siku kukuona."

Akapangusa kijiti kwenye suruali. Hakikubaki kitu cha kupangusa, akaendelea kupangusa.

"Ni habari ya begi," akasema.

"Si habari ya begi. Kuna watu nawaleta juu ya maji haya kwa neno lako. Nauliza 'ziwa?', unasema 'nimepima', nami nawaambia wapande. Msichana yule alipolowa miguu, ulikuwa umepima katikati au karibu na katikati? Sijui. Zamani nisingeuliza. Sasa kila neno lako nalipigia toboo, na mtu hawezi kuishi hivyo, Jouni. Mimi siwezi."

"Niliogopa," akasema, kwa sauti ndogo mpaka nikadhani ni upepo.

"Uliogopa nini?"

Akakichomeka kijiti thelujini.

"Uliogopa nini, na lini?"

"Tusaini kwanza na mzee Uula," akasema. "Tukishasaini tutakaa chini vizuri, na Shangazi aje, tutaongea yote. Kesho si siku yake."

"Kesho ndiyo siku yake."

"Dada, mimi ni mdogo wako."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla sijamwambia Uula aende zake."

Hapo tukatazamana macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nilitamani kumwambia basi, yaishe, nimeshajua. Na ni kweli nimeshajua. Lakini kujua kwangu hakumrudishi Shangazi jikoni, wala hakunipi ziwa ninaloweza kulikanyaga. Anayejua anaweza kuwa mimi. Anayesema lazima awe yeye.

Nilimwambia maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema, nisije nikayalainisha kufika asubuhi:

Jouni, Jumamosi ya tarehe tatu Desemba, ni wewe uliyepeleka begi langu chumba cha kukaushia, au si wewe? Usinipe sababu, sababu nitaisikiliza baadaye na pengine nitalia nawe. Sasa nataka ndiyo au nataka hapana, kwa mdomo wako, mbele yangu na mbele ya Shangazi. Nimempigia, atakuwa jikoni kuanzia saa nne. Ukisema, nasaini. Usiposema, hakuna mkataba wala kambi. Una mpaka saa sita mchana kesho. Ni wewe, au si wewe?